Milango Miwili na Boneti Ndefu: Bei ya Ufahari wa Marekani

(Hotuba niliyoitoa Michigan mbele ya mafundi na wapenzi wa magari wanaozungumza Kiswahili. Nimeiandika karibu na nilivyoisema.)

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mafundi wenzangu, dada zangu, ndugu zetu wa Bukavu na Uvira mliojaza safu nzima ya kulia, na nyinyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie magari ya kale ya Marekani, yale ya kifahari ya milango miwili ambayo wengi wenu mnanijua kwa kuyashonea viti. Aliyenialika alinitupia na swali: haya magari ni mali, au ni ugonjwa tu wa wazee wenye pesa? Nitamjibu sasa hivi. Ni ugonjwa, ila una bei sokoni. Na bei yenyewe haifuati uchache wa gari kama watu wanavyodhani, haifuati ukubwa wa injini, na tangazo la kampuni ndilo haifuati kabisa. Inafuata hamu ya watu waliolitamani gari hilo siku ambazo hawakuwa na uwezo nalo, na inafuata kazi ya mikono iliyomo ndani yake. Jioni hii nitawaonyesha nimeyatoa wapi maneno haya.

Tuanze na upuuzi wenyewe, maana upuuzi ndio utamu. Chukueni Lincoln Continental Mark V ya 1979, Lincoln ikiwa ni jina la kifahari la kampuni ya Ford. Ina urefu wa kama mita 5.8. Land Cruiser ya kubeba familia nzima haifiki mita 5. Hii Lincoln ina milango miwili tu, na kila mlango ni mrefu kiasi kwamba ukiegesha karibu na ukuta hutoki. Anayetaka kukaa nyuma lazima wa mbele ateremke kwanza, kiti kikunjwe, ndipo ajipenyeze. Boneti unaweza ukalala juu yake ukanyoosha miguu. Chini ya boneti hiyo nafasi nyingine haina kitu, unaona lami.

Mtu aliyezoea daladala ataona hii ni dhambi. Nafasi yote hiyo, abiria wanne! Lakini huo ndio ujumbe wa gari. Mwenye milango minne ana watoto, ana mama mkwe, ana majirani wa kuwapeleka hospitali. Mwenye milango miwili anawatangazia watu kwamba safari hii ni yake peke yake, na kama kuna mwenzake basi ni yule aliyemchagua mwenyewe. Wamarekani waliuza hisia hiyo kwa karibu miaka thelathini, na waliiuza vizuri sana.

Aliyegundua kwamba hisia hii ina soko kubwa alikuwa mtu wa hesabu, si msanii. Ford walitoa Thunderbird mwaka 1955, ikiwa na viti viwili, wakauza kama 16,000 mwaka ule wa kwanza. Gari zuri, kila mtu alilisifu. Robert McNamara, ndiye yule yule aliyekuja kuwa Waziri wa Ulinzi wakati wa vita vya Vietnam, akatazama hesabu akaona sifa haziendi benki. Akashikilia gari liongezwe viti viwili nyuma. Wapenzi wa lile dogo wakalia. Thunderbird ya 1958 ikatoka kubwa, nzito, yenye viti vinne, ikauza karibu 38,000. Hapo washindani wao General Motors, yaani GM, wenye Buick na Cadillac, wakakosa usingizi.

Jibu lao lilichelewa, ila lilipokuja lilikuwa Buick Riviera ya 1963, na hapo naomba mniruhusu nikae kidogo. Mkuu wa uchoraji wa GM wakati huo alikuwa Bill Mitchell, mtu wa suti za rangi kali na maneno makali. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alikuwa London, usiku wa ukungu, akaona Rolls-Royce ikijitokeza mbele ya hoteli, kingo zake zimekatwa kama kwa kisu. Akarudi Detroit akitaka gari lenye makali ya Rolls-Royce na wepesi wa Ferrari. Mchoraji wake Ned Nickles akachora. Mchoro ulikusudiwa kwanza kufufua jina la La Salle, ndugu mdogo wa Cadillac aliyekufa 1940. Cadillac wakakataa, kwa sababu walikuwa wanauza kila walichotengeneza na hawakutaka usumbufu. Buick ndio waliokuwa na shida ya mauzo, wakalipigania mpaka wakapewa. Wakaamua mwaka wa kwanza watatengeneza magari 40,000, basi, ili watu wagombanie. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 4,333.

Simameni siku moja ubavuni mwa Riviera hiyo, vioo vikiwa vimeteremshwa. Hakuna nguzo katikati. Hakuna fremu juu ya kioo. Kuanzia mbele mpaka nyuma ni uwazi mmoja, na paa limekaa juu yake kama halishikwi na kitu. Ndani, viti vinne, kila kimoja peke yake, na kati yake dashibodi imeteremka ikapita katikati mpaka kwenye gia. Mwaka 1965 wakaziingiza taa za mbele ndani ya ncha za mbawa na kuzifunika kwa vifuniko vinavyofunguka juu na chini kwa mota ya umeme. Ukiwasha taa, uso wa gari unafumbua macho. Watoto hapa mtaani kwetu huwa wanamwomba mwenye gari arudie, naye hurudia mpaka betri inalalamika.

Sasa angalieni hesabu. Riviera ya 1963 si gari adimu. 40,000 si uchache. Lakini yaliyo mazima yanatafutwa na bei yake imesimama vizuri, kwa sababu kuna makundi zaidi ya moja yanayolitaka. Wazee wa kizungu waliokuwa vijana mwaka ule wanalitaka. Wamarekani wenye asili ya Meksiko kule Los Angeles, wanaoyashusha magari chini na kuyachezesha kwa haidroliki, nao wanalitaka, na mikono yao imeokoa Riviera nyingi zilizokuwa zinaelekea kwenye vyuma chakavu. Gari lenye wachumba wa aina mbili halikosi mahari.

Niwaeleze sasa gari ninaloliheshimu kuliko yote, Continental Mark II ya 1956 na 1957. Ford walianzisha kitengo cha pekee kwa ajili yake, wakamkabidhi William Clay Ford, mjukuu wa mzee Henry. Kijana alikuwa na deni la kifamilia. Baba yake, Edsel Ford, ndiye aliyeagiza Continental ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1930, ikachorwa na Eugene Gregorie, kwa ajili ya mapumziko ya Edsel kule Florida. Gari lile la baba lilikwisha kupata heshima yake: mwaka 1951 Museum of Modern Art ya New York ilionyesha magari 8 kama kazi za sanaa, na Continental ya 1941 ilikuwa mojawapo. Mtoto atafanya nini baada ya hapo?

Alifanya hivi. Wakati wenzake Detroit wanaongeza mapezi kama ya samaki nyuma ya gari, rangi tatu, na krome mpaka kwenye vishikio vya jua, yeye aliondoa. Mark II haina pezi. Ubavuni ni bati tupu lililonyooka, na bati tupu, mafundi mnajua, halifichi kosa hata moja. Injini zilichaguliwa kwenye mstari wa Lincoln, zikafunguliwa, zikapimwa, zikafungwa upya. Ngozi ya viti iliagizwa kutoka Bridge of Weir, Uskoti. Tundu la mafuta limefichwa nyuma ya taa ya nyuma ya kushoto, usipoonyeshwa utazunguka gari zima kwenye kituo cha mafuta huku watu wakikutazama. Kitu pekee cha kuongeza kwa malipo kilikuwa kiyoyozi, mengine yote yalikwisha kuwemo.

Bei ilikuwa karibu dola 10,000, mwaka ambao Ford ya kawaida ilipatikana kwa kama dola 2,000. Na kwa bei hiyo bado, kwa hesabu zinazotajwa siku zote, kampuni ilikuwa ikipoteza kama dola 1,000 kwa kila moja. Elvis Presley alikuwa nayo. Frank Sinatra alikuwa nayo. Shah wa Iran naye. Baada ya miaka miwili na magari kama 3,000, kampuni ilisema inatosha.

Nimewahi kufumua kiti cha Mark II. Nilitoa nyuzi moja moja kwa kisu kidogo, nikategemea chini ya ngozi nikute ujanja, kwa maana nimezoea ujanja: pamba imekatizwa pale ambapo macho hayafiki, gunia limeshikizwa kwa pini mbili badala ya sita. Sikuukuta. Upande usioonekana ulikuwa umeshonwa sawasawa na unaoonekana. Mshono umelala sawa hata chini ya reli ambako hakuna mnunuzi aliyewahi kupeleka mkono. Mtu aliyeshona pale alijua hakuna atakayemwona, na akashona vile vile. Leo Mark II iliyokamilika kabisa inafika dola 100,000 na zaidi. Mnunuzi anadhani analipia jina la Sinatra. Kwa macho yangu analipia ile mishono.

Hapa naomba niingize jambo ambalo sisi watu weusi tuliohamia nchi hii tunafaa kulijua, maana huwa tunayaona magari haya kwenye picha za wanamuziki tukadhani ni majigambo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Cadillac ilikuwa hoi. Utaratibu wao ulikuwa kutomuuzia mtu mweusi. Meneja mmoja, Nicholas Dreystadt, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akisimamia huduma, aligundua akizunguka kwenye gereji kwamba magari mengi yanayoletwa kutengenezwa ni ya watu weusi: madaktari, mabondia, waimbaji, wenye biashara. Walikuwa wakimlipa mzungu pesa za juu awe mnunuzi wa jina. Dreystadt akaenda kwa wakubwa akawaambia, kwa nini hizo pesa za juu zimwendee dalali? Akaruhusiwa kuwauzia, na mauzo yakapanda kiasi cha kuisaidia Cadillac isifungwe.

Fikirini maana yake. Mtu huyo hawezi kununua nyumba mtaa anaoutaka. Hoteli inamfukuza. Lakini gari hata akinyimwa mlangoni, atapita dirishani, na akishalipata hakuna wa kumvua barabarani. Hamu ya namna hiyo hairithiwi na bei ya soko peke yake, inarithiwa na familia. Ndiyo maana hapa Detroit utakuta Cadillac Eldorado ya babu kwenye gereji ya nyumba ambayo paa lake linavuja, na mjukuu hauzi.

Eldorado yenyewe, ile ya 1967, niipite haraka ingawa haistahili kupitwa haraka. Ilikuwa inavuta kwa magurudumu ya mbele, jambo ambalo Oldsmobile Toronado ililirudisha Marekani mwaka mmoja kabla yake, tangu gari lililoitwa Cord la miaka ya 1930. Kingo zake ni kali hata kioo cha nyuma kimekunjwa. Kwangu ndiyo Cadillac ya mwisho iliyochorwa na mtu asiyeogopa.

Baada ya hapo ilikuja miaka ya 1970, nayo ina wapenzi wake, na wengi wananunua bila kujua wanachonunua. Sheria za moshi zikabana, mafuta yakapanda baada ya vikwazo vya Waarabu vya Oktoba 1973, bampa zikalazimishwa kuhimili kugongwa, zikawa nzito kama reli. Cadillac walikuwa na injini ya lita 8.2. Mwaka 1970 waliitangaza kuwa na nguvu za farasi 400. Mwaka 1976 injini hiyo hiyo, kwa ujazo ule ule, ilitangazwa kuwa na 190. Sehemu kubwa ya tofauti ni namna ya kupima iliyobadilika mwaka 1972, lakini iliyobaki ni kwamba injini ilinyongwa.

Walipokosa nguvu wakauza mito. Viti vya vitambaa laini vilivyotiwa vifungo, zulia la kuzamisha kiatu, dirisha dogo la umbo la yai nyuma ya mlango, saa ya Cartier kwenye dashibodi. Lincoln wakawaita wabunifu wa mavazi na vito, wakatoa Mark IV ya 1976 zenye majina ya Bill Blass, Givenchy, Pucci na Cartier. Mafundi wa injini wanazicheka. Mimi fundi wa viti sizicheki, zimenisomeshea watoto.

Na katika miaka hiyo hiyo ndipo lilipotokea somo la bei ambalo kila anayetaka kununua gari la kale ili apate faida angelisikia kabla hajatoa senti. Cadillac walitangaza kwamba Eldorado ya 1976 ya turubai ndiyo gari la mwisho la paa la kukunja kutengenezwa Marekani. Najua, la turubai si sawa na la paa gumu tunayoyazungumzia, lakini ni ndugu wa tumbo moja, milango miwili ile ile. Bei ya dukani ilikuwa kama dola 11,000. Walitengeneza 14,000. Mia mbili za mwisho zikatoka nyeupe tupu, zina mistari miembamba ya buluu na nyekundu, kwa kuadhimisha miaka 200 ya taifa. La mwisho kabisa lilitoka kiwandani Detroit tarehe 21 Aprili 1976, kamera zimejaa.

Watu walipagawa. Walinunua kwa bei ya karibu mara mbili. Wakayafunika, wakayaegesha, hawakuyaendesha, plastiki za viti hazikutolewa. Walikuwa wakisubiri utajiri. Mwaka 1984 Cadillac wakarudisha Eldorado ya turubai. Baadhi ya wale wanunuzi walikwenda mahakamani wakidai wamedanganywa. Na mpaka leo, ukihesabu jinsi thamani ya dola ilivyoshuka tangu mwaka ule, wengi walioyahifadhi hawakurudisha fedha zao.

Kosa lao liko wapi? Neno "mwisho" lilikuwa la kampuni, na kampuni hulitamka na kulifuta. Lakini kubwa zaidi ni hili: wote 14,000 walikuwa na wazo moja. Kila mtu alihifadhi. Gari likihifadhiwa na kila mtu, atalinunua nani? Mark II hazikuhifadhiwa na mtu. Ziliendeshwa, zikagongwa, zikauzwa kwa bei ya kutupa, zikakaa nje kwenye theluji, na zilizopona zilipona kwa sababu kulikuwa na mtu aliyezipenda wakati hazina bei.

Haya, tuje kwenye kununua, maana naona vijana wameanza kutoa simu kutafuta bei.

Bei za magari haya zinazungumzwa kwa daraja. Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya kale iliyoko hapa hapa Michigan, Traverse City, inayapanga kuanzia 1 mpaka 4. Daraja la 1 ni gari la kushindanishwa, hata chini ya bodi unaweza kulia ugali. La 2 ni safi sana. La 3 ni zuri la kuendesha, kasoro zake ukizitafuta utaziona. La 4 linatembea, lakini lina aibu. Sasa siri ya magari ya kifahari ya milango miwili, hasa ya miaka ya 1970, ni kwamba pengo la bei kati ya la 4 na la 2 ni dogo kuliko gharama ya kulitoa la 4 kulifikisha la 2. Wala si kidogo. Unaweza kununua Mark V ya kuvutia kwa bei ya gari jipya dogo la kawaida. Ukinunua iliyooza kwa bei ya pikipiki, utamaliza bei ya magari mawili ya kuvutia na bado hujafika.

Pesa zinaingia wapi? Si kwenye injini. Injini za V8 za Ford na GM spea zake zimejaa, na fundi wa kawaida mwenye akili anazijua. Pesa zinaingia kwenye urembo. Shikeni kipande cha krome cha grili ya zamani. Nyingi si chuma, ni zinki iliyomiminwa. Unyevu ukiingia chini ya krome, zinki inaliwa kutoka ndani, na juu vinatokeza vishimo kama uso wa aliyeugua ndui. Kukirudisha kipande hicho lazima uvue krome, uvue nikeli, utoboe kila kishimo kuondoa uozo, ukijaze, upige shaba, upige msasa, upige shaba tena, msasa tena, ndipo nikeli, ndipo krome mpya. Kishimo kimoja ukikisahau kitarudi kukusalimia baada ya mwaka. Fundi wa kazi hiyo anatoza anavyotaka, na ana haki. Nimeona bili ya krome iliyopita bili ya kufungua injini nzima.

Cha pili ni paa la vinaili. Miaka ile walibandika vinaili, plastiki ya mfano wa ngozi, juu ya bati kwa urembo. Maji yanapenya kwenye mshono chini ya kioo cha nyuma, yanakaa humo, bati linaoza kimya kimya huku juu panang'aa. Pitisheni kidole taratibu ukingoni mwa kioo cha nyuma. Mkisikia vinaili imevimba na inabonyea kwa sauti kavu, hiyo ni kutu imeinuka. Muuzaji atasema ni gundi imezeeka. Mwambieni asante.

Halafu macho. Lincoln Mark III mpaka V zimefunika taa za mbele kwa vifuniko vinavyoendeshwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, kupitia mipira myembamba inayozunguka kila mahali. Mwombeni muuzaji azime gari, muende mkanywe kahawa, mrudi. Mkikuta jicho moja limefunguka lenyewe, mjue kuna mpira unavuja mahali fulani. Mahali gani? Ndiyo kazi mtakayoifanya wikendi zenu zote.

Nikija kwenye karatasi, hapo fundi wa viti ana bahati kuliko wengine. Viwandani, kila gari lilisafiri kwenye mstari na karatasi yake yenye alama za kila kitu: rangi, injini, gia, kitambaa. Kazi ikiisha karatasi ilikuwa takataka, na wafanyakazi walizitupa popote, juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za viti. Nilikuwa nafumua kiti cha nyuma cha Chevrolet Monte Carlo ya 1970, nikaona ncha ya karatasi imekwama kwenye springi, imekauka, panya ameionja pembeni. Niliitoa kwa kibano. Mwenye gari alikuwa amelinunua jekundu, amejivunia wekundu wake, amenunua na kofia nyekundu. Karatasi ikasema limetoka kiwandani la kijani. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama kuna mwingine aliyeiona.

Karatasi ya namna hiyo, pamoja na ile karatasi ya bei ya dirishani ambayo sheria ya Marekani imeilazimisha tangu 1958, inapandisha bei kuliko rangi mpya. Kwa Ford na Lincoln za 1967 na kuendelea mnaweza kununua ripoti ya Marti, iliyotokana na kumbukumbu za kampuni yenyewe, mkapata gari lilivyoagizwa. Ni pesa ndogo. Anayeuza gari ghali na hataki mlipie ripoti hiyo amekwisha kuwajibu.

Kuna aliyeniandikia kabla ya leo akiuliza kama magari haya yatapanda bei. Nitasema ninavyoona. Waliotamani magari ya miaka ya 1950 wakiwa vijana wanatuacha mmoja mmoja, na watoto wao wanauza ili wagawane. Kijana wa leo mwenye pesa anatamani magari ya Kijapani, Supra na Skyline. Yale ya kawaida ya miaka ya 1950 na 1970 yatazidi kuwa rahisi, na kwa anayeyapenda hiyo ni habari njema. Mark II, Riviera za mwanzo na Eldorado ya 1967 naziona zikishika nafasi yake, kwa sababu wapenzi wake hawatoki kizazi kimoja tu. Lakini gereji, bima na betri vinakula kila mwaka. Anayetaka faida anunue shamba.

Na mzee wangu hapa mbele ameuliza kabla hatujaanza, akitaka kulipeleka moja Dar es Salaam. Mzee, usukani wa magari haya uko kushoto, na Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Na boneti ya mita mbili mbele yako, kulipita lori la mchanga kwenye njia ya Chalinze utahitaji msaidizi wa kuchungulia. Ndugu zetu wa Congo, Rwanda na Burundi usukani hautawasumbua, barabara zao zinaukubali. Kenya hawaruhusu magari ya kawaida ya mitumba yaliyopita miaka 8, na Tanzania kuna ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, kwa hiyo zungumza na wakala wa forodha kabla hujazungumza na muuzaji. Na ukishalifikisha, kioo cha mbele kikipasuka hakipo Kariakoo.

Nje kuna Riviera ya 1964 ya mteja wangu, ameruhusu iguswe ila isikaliwe na mwenye funguo mfuko wa nyuma. Ina puti, ile ya kuzibia bati lililoharibika, mahali fulani chini ya rangi, na mwenyewe anajua. Mwenye sumaku ndogo aje nayo, tutaanzia chini ya mlango wa kushoto na kuona inapoacha kushika. Asanteni sana.